Mpangaji Niliyemtunga Mwenyewe

Nakiri mbele yenu: mtu anayenitoa nyumbani kwangu ni mtu niliyemtunga mwenyewe, kwa kalamu yangu, nikiwa nimeshiba na nina akili zangu zote.

Hana kaburi, hana ndugu, hakuwahi hata kuzaliwa. Lakini ofisi ya majengo ya kale imeandika kwamba vyumba vyangu ni vyake, na mimi nimepewa siku kumi na nne za kumpisha.

Kwa uliyefungia sabuni gazeti la wiki iliyopita, habari kwa ufupi ni hii. Tunaishi kaya nne kwenye nyumba ya ghorofa moja, kuta nene, ngazi za mbao zinazolalamika kila ukizikanyaga. Chini yuko Bi Cherehani, mshona nguo, na Kinyozi, ambaye kazi yake mmeshaielewa. Uani nyuma yuko mwenye nyumba. Tunamwita Bwana Kesho, maana bomba likipasuka leo, hilo ndilo jibu lake. Juu ni mimi, mama watoto na mama mkwe. Watoto wenyewe wameshakua, wanajitegemea, na wanapiga simu wakiishiwa.

Mtaa wetu umegeuka. Lilipokuwa duka la mkaa sasa wanauza kahawa kwenye vikombe vidogo kama kifuniko cha dawa ya meno. Watu tusiowajua wanakuja kupiga picha kamba zetu za nguo. Mmoja aliniomba nianue shati langu nianike jingine, kwa sababu lile lilikuwa na nembo ya benki na lilimharibia uzee wa ukuta.

Bwana Kesho akaona wenzake wanavuna. Akatangaza atabomoa, ajenge hoteli ya ghorofa sita. Kwa hili hakusema kesho. Alisema mwezi ujao.

Tukakaa kikao. Dawa ilikuwa moja: nyumba ikiingia kwenye orodha ya majengo ya kale, haibomolewi. Kuna fomu ya kujaza. Na fomu hapa kwetu hujazwa na nani? Diploma. Hilo ndilo jina langu uani. Nina diploma ya uchoraji ramani, nachora mabomba idara ya maji, mwaka wa ishirini na moja huu.

Hapo ndipo nilipowaachia: kalamu mkononi, na mbele yangu swali namba tisa.

"Taja mtu mashuhuri aliyewahi kuishi katika jengo hili."

Nikamwendea Bi Cherehani, aliyeanza kushona humu tangu enzi za marehemu mama yake.

"Mashuhuri?" Akasimamisha cherehani. "Kuna mmoja alitoroka na mke wa muuza nyama. Alivuma sana huyo."

"Siyo wa hivyo, Bi."

"Alivuma miezi mitatu, Diploma!"

Mtu mwingine angeacha kisanduku kitupu. Mimi siwezi. Kazini kwetu mchoro wenye kisanduku kitupu unarudishwa na mkuu wa kitengo, tena mbele ya watu. Miaka ishirini na moja ya kurudishiwa michoro imenifanya hivi: nikiona kisanduku kitupu, mkono unaniwasha.

Nikaandika: "Mpimaji wa Kwanza wa Mtaa, aliyepima vichochoro vyote kwa kamba ya mafundo na kwa hatua zake mwenyewe."

Nikasoma. Nikapenda. Nikasoma tena kwa sauti.

Chini yake: "Bandika picha."

Kisanduku kingine!

Ukutani kwangu kulikuwa na picha moja tu ya mtu wa zamani mwenye koti: baba mkwe, marehemu. Amesimama studio, mkono juu ya kimeza, anatazama pembeni kama anayesubiri chenji. Ni picha pekee aliyowahi kupiga maishani. Alikuwa karani wa ghala la magunia. Alihesabu magunia miaka thelathini, akastaafu, na nafikiri hata magunia hayakugundua.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa kwa binti yake mdogo aliyejifungua, na asingerudi kwa miezi miwili. Nikaishusha picha, nikaipeleka kwenye mashine ya kunakili, nikaitundika tena kabla mama watoto hajatoka zahanati anakofanya kazi.

Wiki tatu, jibu likaja. Jengo limeingia kwenye orodha. Lisiguswe.

Tulishangilia mpaka muuza kahawa akatoka nje kutazama. Kinyozi akaninyoa bure, na kwa furaha aliyokuwa nayo, akaninyoa kupita nilivyotaka. Bwana Kesho akajifungia ndani siku mbili.

Siku ya tatu akaja afisa.

Alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kwa uzi, daftari kubwa kwapani. Akasalimia vizuri, akasema, "Nimekuja kuona alipoishi."

"Nani?" akauliza Kinyozi.

Nikamkanyaga kidole.

"Mpimaji," akasema afisa.

"Aaa, Mpimaji!" Kinyozi akakunja uso kwa maumivu. "Mpimaji wetu! Babu yangu alikuwa akimnyoa. Alisema ana kisogo kigumu, wembe ulikuwa unateleza."

Afisa akafungua daftari.

Bi Cherehani hakuhitaji kukanyagwa. "Mama yangu alimshonea suruali," akasema. "Mbili. Alipata tabu, maana mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake."

Kalamu ya afisa ikasimama. "Mguu mmoja mrefu? Na alikuwa akipima kwa hatua?"

"Ndiyo hivyo."

"Kwa hiyo ndiyo maana kichochoro cha kushoto ni kipana kuliko cha kulia!"

"Umeona mwenyewe, dada," akasema Bi Cherehani, bila hata kupepesa.

Nawaapia, nilisimama pale nikaona mtu anaota miguu mbele ya macho yangu.

"Na chumba alicholala?" akauliza afisa.

Hilo nilishajiandaa nalo. Chini ya ngazi kuna stoo, imejaa mabeseni yaliyopasuka na baiskeli isiyo na magurudumu. Pale nilikuwa nimempangia. Alale na mabeseni yake, sisi tulale kwetu.

"Stoo ile pale," nikasema. "Alikuwa mtu wa maisha ya kawaida."

"Nitaiona. Kwanza naomba nione roshani."

Roshani ni yangu. Na huwezi kufika roshani bila kupita chumbani kwangu.

Alipita hatua tatu. Akasimama. Akavaa miwani.

"Hii hapa!" akasema, karibu alie. "Picha ya asili! Bado iko ukutani kwake!"

Mama watoto alikuwa anapika mlangoni pa roshani. Akageuka, mwiko mkononi. Akaitazama picha, akamtazama afisa, kisha akanitazama mimi. Mliooa mnalijua jicho hilo.

"Baba watoto," akasema taratibu, "hebu nikumbushe. Huyu ni nani?"

"Mpimaji," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, tena aliye mbali.

"Aa. Mimi nilidhani ni baba yangu."

Afisa akacheka, akampigapiga begani. "Ukiishi na historia muda mrefu inakuwa ndugu yako, mama. Nimeona hivyo nyumba nyingi."

Alipoondoka, mama watoto alizima jiko. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

"Umemchukua baba yangu ukampa kazi ya watu," akasema.

"Ni kwa ajili ya nyumba, mke wangu."

"Mama akirudi utamweleza wewe. Mimi simo."

Wiki iliyofuata likawekwa bango mlangoni. Picha ya baba mkwe imekuzwa, imewekewa kioo, mtu mzima ana kichwa kikubwa kama sufuria la shughuli. Chini yake maandishi: "Hapa aliishi Mpimaji wa Kwanza. Mtaa huu unamkumbuka."

Watu wakaanza kuja. Wanasoma, wanatikisa kichwa, halafu wanakwenda kulinganisha vichochoro. Bwana Kesho akaacha kuwa Bwana Kesho, akawa Bwana Leo. Anafagia mwenyewe, kwa mkono wake. Alikuja kunipa mkono.

"Diploma, ungeniambia mapema kwamba tuna mtu kama huyu!"

"Nilisahau, bwana."

"Mtu kama yule unamsahau?"

Jumanne mchana mama mkwe akarudi.

Nilimwona kutoka roshani. Amesimama mbele ya bango, kikapu miguuni. Pembeni yake walikuwepo wageni wanne wamenyamaza kwa heshima. Nilishuka ngazi zile nadhani kwa hatua mbili.

"Shikamoo, mama. Pole na safari. Mtoto hajambo?"

"Marahaba, mkwe. Hajambo, analia vizuri." Hakuondoa macho kwenye kioo. "Hawa wanamtazama nani?"

"Mama, twende juu, nitakueleza."

"Ngoja nisome." Akasoma, kidole kikifuata herufi. Alipofika mwisho akarudia. "Mtaa huu... unamkumbuka."

"Mama, nisamehe. Nilikosea. Naweza kueleza."

Nilingoja radi. Mama mkwe ni mtu mpole, lakini ni mama mkwe.

"Siku tuliyomzika walikuja watu kumi na mmoja," akasema. "Wawili walikuwa wamekosea msiba. Wakaona aibu kuondoka, wakakaa."

Nikasogeza kikapu chake pembeni.

"Kioo kina vumbi," akasema. "Nani anafuta?"

"Hakuna, mama."

Akatoa kitambaa kikapuni, akafuta. Kwanza kioo, halafu fremu, halafu kona za fremu.

Tangu hapo hakupanda juu ila kulala. Aliteremsha kigoda chake, akakiweka chini ya bango. Ananisalimia asubuhi nikienda kazini, namkuta pale pale nikirudi. Siku moja nilimsikia na Bi Cherehani.

"Ile habari ya suruali," mama anasema. "Hebu irudie."

"Mguu mmoja ulikuwa mrefu, dada yangu."

"Na kweli," akasema mama mkwe. "Alikuwa akitembea hivi, kama anahesabu. Alikuwa anauficha."

Baba mkwe alikuwa na miguu sawa! Nilitembea naye miaka minane! Bi Cherehani aliniona, akainamisha uso kwenye pindo la nguo, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ikaja barua.

Nimeshawaambia inasema nini, lakini niwape maneno yake. "Kwa kuwa chumba cha juu na kile kilichopakana nacho vimethibitishwa kuwa makazi halisi ya Mpimaji, kwa ushahidi wa picha ya asili iliyokutwa ukutani, vitakuwa vyumba vya maonyesho. Wapangaji waliomo wanaombwa kuhama ndani ya siku kumi na nne. Wapangaji wengine wataendelea kama kawaida."

Wapangaji waliomo. Yaani mimi.

"Wengine kama kawaida," Kinyozi akasoma juu ya bega langu. "Pole sana, Diploma." Lakini pole yake ilikuwa na pumzi ndefu ya mtu aliyenusurika.

Mama watoto aliisoma amesimama, bado na sare ya zahanati.

"Tutakwenda wapi?"

Swali zuri. Mtaani kwetu siku hizi vyumba vinapangishwa kwa usiku mmoja mmoja, kama vitanda vya hospitali. Tukihama ni kwenda kule pembezoni, nyumba zisizo na namba. Mke wangu atoke saa kumi alfajiri kuwahi kazi ambayo leo anaifikia kwa kutembea dakika sita. Na magoti ya mama yanatibiwa hapo hapo. Miaka kumi na nane tumekaa humu. Rangi ya mlango ule nilipaka mimi.

"Utasema ukweli," akasema. "Jumamosi afisa anakuja kukutana na wapangaji. Useme wewe, au nitasema mimi, na nikisema mimi sitakupamba."

Akamgeukia mama yake, aliyekuwa kitako kwenye ngazi. "Mama, umesikia? Na wewe unahama."

"Nimesikia," akasema mama mkwe. Basi. Akakunja kitambaa chake mara nne.

Jumamosi saa nne asubuhi tukakaa uani. Afisa mezani na daftari lake. Bwana Kesho kavaa viatu. Bi Cherehani na Kinyozi benchi moja. Mama mkwe alikuja na kigoda chake, na bango limeingizwa ndani ili lisafishwe herufi, kwa hiyo baba mkwe naye alihudhuria.

Nikasimama.

"Mheshimiwa afisa, ndugu wapangaji. Huyu Mpimaji hayupo. Hakuwahi kuwepo. Nilimtunga mimi kwa sababu kulikuwa na kisanduku kitupu."

Afisa akavua miwani, akaniangalia kwa huruma. "Baba, pole. Wengi wanaoambiwa wahame husema hivyo. Mmoja aliniambia nyumba yake imejengwa mwaka juzi, na mizizi ya mti imepita sebuleni."

"Lakini ni kweli!"

"Nina ushahidi wa fundi na wa kinyozi." Akafungua daftari. "Suruali mbili. Kisogo kigumu. Hawa nao wametunga?"

Benchi lote likanitazama. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakifanya. Mpimaji akifa, nyumba inatoka kwenye orodha. Ikitoka, Bwana Kesho anabomoa. Bi Cherehani na mashine ya mama yake, barabarani. Kinyozi na kioo chake, barabarani. Bwana Kesho peke yake alikuwa ametulia: nyumba ikiwa ya kale anauza tiketi, isipokuwa ya kale anajenga hoteli.

"Diploma," akasema Bi Cherehani kwa sauti ndogo. "Baba. Fikiri vizuri."

Nikafikiri vizuri. Nimekula chumvi nyingi na bado natunga haraka.

"Naomba nirekebishe," nikasema. "Mpimaji alikuwepo."

"Ahaa," akasema afisa.

"Alikuwepo sana! Na mguu wake. Ila alilala stoo, kama nilivyosema siku ya kwanza. Picha ndiyo niliyokosea. Hii picha siyo yake. Huyu ni baba mkwe wangu."

Benchi likashusha pumzi. Kinyozi akaitikia kwa kichwa mara tatu, kama mtu anayeona timu yake imesawazisha.

Afisa akagonga kalamu mezani. Alikuwa mtu wa haki, siwezi kumsema vibaya. "Sikiliza, baba. Chumba chako nilikichagua kwa sababu ya picha tu. Kama picha si ya Mpimaji, itatolewa kwenye bango, nami nitachukua stoo. Vyumba unabaki navyo. Lakini siwezi kubadilisha kwa neno lako, wewe unayehama."

"Ni baba yangu," akasema mama watoto. "Mimi ni bintiye."

"Na mke wa huyu, mama. Mnakula sahani moja."

"Basi mama yangu yuko hapa! Mwenye mume yuko hapa!"

Afisa akageuka. Uso wake ukalainika. "Bibi, kumbe wewe ndiye mkewe? Basi neno lako linatosha. Ukisema ni mumeo, nafuta sasa hivi, picha unapewa mkononi, na mnakaa kwenu."

Nilitaka kuruka. Nilishaanza kuona vyumba vyangu, mlango wangu, kila kitu mahali pake.

Mama mkwe akavuta kigoda chake karibu zaidi na bango.

Nikaenda nikachuchumaa mbele ya kigoda chake, kama inavyompasa mkwe.

"Mama, waambie huyu ni nani."

Akatazama kioo. Akanitazama mimi. Akamtazama binti yake, kwa upole kabisa, halafu akarudi kwenye kioo, pale chini, penye maandishi.

Mama watoto akaweka mkono mdomoni.

"Mama yangu," nikasema, "sikuombi jingine. Useme tu jina lake."

Afisa alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi. Kinyozi akakohoa kidogo. Mama mkwe akakunjua kitambaa chake, akaanza kufuta kioo, pale penye maandishi.